Kichanja cha mama na mashine ya mpwa wangu

Aliyekulia Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, miaka ya sabini anakikumbuka kichanja. Miti minne yenye panda ilichimbiwa nyuma ya jiko, juu yake zikalazwa fito zilizofungwa kwa kamba za mgomba, na jua lilipoanza kuwaka zikaanikwa hapo sahani za bati zenye maua ya buluu na kingo zilizobambuka, bakuli, sufuria zilizofudikizwa, vikombe vilivyotundikwa kwenye ncha za miti, na ile kata ya kibuyu iliyokuwa ya maji ya kunywa tu, mtoto akionekana kaichovya kwenye uji alikiona cha mtema kuni. Sisi wa Kitahana, upande wa Kibondo, tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani katika operesheni ya vijiji na kupangwa kwa safu kandokando ya barabara, na bwana afya, akiwa bado na moto wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, alipita nyumba kwa nyumba: anachungulia choo, anachungulia shimo la taka, kisha anasimama mbele ya kichanja, mikono kiunoni. Siku ya bwana afya vilioshwa hata vyombo ambavyo havikutumika.

Mjini Kasulu siku hizi kichanja ni cha kutafuta. Kuna sinki, au karo la saruji uani, au rafu ya plastiki ya dukani. Na kwa mpwa wangu, Murubona, kuna mashine ya kuoshea vyombo.

Aliinunua Dar es Salaam, ikaja na lori kupitia Nyakanazi. Haina makuu: sanduku la kijivu chini ya kabati za jikoni, mlango unafungukia mbele, ndani trei mbili za waya na mapanga yanayozunguka yakirusha maji ya moto. Wageni huomba waonyeshwe. Wazee hutikisa kichwa. Mwenyewe huniuliza, “Shangazi, sasa hii si ndiyo?” Nikimjibu kwamba ni ndiyo na siyo, anadhani namtania.

Uoshaji wetu ulikuwa wa mtoni. Tulishuka wasichana watatu wanne, karai kichwani, ndani yake sufuria nyeusi tii, na huko kila uchafu ulikuwa na dawa yake: mchanga na majivu kwa masizi, majani ya msasa kwa ukoko wa ugali wa muhogo, dodoki kwa sahani. Adui mkubwa alikuwa mawese. Maharage yaliyoungwa kwa mawese huiachia sahani duara la rangi ya chungwa ambalo maji baridi ya milimani hayalitoi, yanaligandisha tu, na kuchemsha maji kwa ajili ya sahani ilikuwa anasa, kuni zenyewe zilikwisha hesabiwa. Ajabu yake, sabuni iliyoyaweza mafuta hayo ilitoka kwenye mchikichi huohuo, vile vidonge vyeusi vya mise vilivyonuka moshi. Vilitufaa sana baada ya vita vya Kagera, pale sabuni ya dukani ilipogeuka kitu cha foleni na cha kujuana, na mche mmoja ukawa unakatwa kwa uzi ili utoshe nyumba mbili.

Sitaki kuupamba mto ule. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi ilitupasua vidole mpaka chumvi ya mboga ikawa inachoma, na njia ya kupanda na karai lililojaa si jambo ninalomtakia mtu. Lakini pale ndipo tulipojua nani kaposwa kabla hata ya wazazi wake kujua, pale ndipo tulipoimba, tukagombana, tukapatana kabla ya sufuria ya mwisho. Ng'ambo ya mto kaka zetu walikuwa wakicheza mpira wa matambara. Hakuna aliyewaita.

Kisha vyombo vyenyewe vikabadilika. Warundi walipofurika baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo mwaka 1996, vilikuja na misaada vitu vyepesi ambavyo hatukuvizoea: sufuria za alumini, madumu, ndoo za plastiki, mikebe ya mafuta ya kupikia. Sehemu yake ilitoka kambini na kuingia kwenye magulio, ikabadilishwa kwa ndizi na unga. Mtungi wa udongo ukatoweka nyumbani kwetu, na sikumsikia mtu akiulilia. Dumu halivunjiki ukiteleza.

Umeme nao ulikuja kwa mwendo wake. Miaka mingi Kasulu na Kibondo zilikuwa za majenereta ya dizeli, unalala hujui kama utaamka na taa. Gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, watu wakaanza kununua majokofu bila kuuliza mara mbili. Mashine ya mpwa wangu ni tunda la gridi hiyo.

Je, inafaa? Wanaoiuza husema inaokoa maji, na ushahidi wanao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu wa Ulaya vyombo vya walaji 12 wavioshe kwa mikono, wakakuta wastani wa lita kama 100. Mashine huosha vyombo hivyo kwa lita 10 hadi 15. Ila baadhi ya watu wale waliosha bomba likiwa wazi. Mama aliosha vya nyumba nzima kwa beseni mbili, dumu moja halikwishi, na maji ya kusuuzia akayamwagia mchicha. Maji yaliyobebwa kichwani yana heshima yake. Kwa kaya inayochota kwa dumu, mashine haiokoi maji ya kutajwa.

Umeme wake ni karibu uniti moja kwa mwosho mmoja. Si mwingi, mpaka ukumbuke bei zetu: mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na akivuka anaingia kwenye bei inayozidi maradufu ya hiyo. Mwosho wa kila usiku unakula uniti kama 30 kwa mwezi. Mwenye friji na pasi tayari ameshavuka. Halafu kuna msukumo wa maji. Tangi lililopandishwa mita tatu hutoa msukumo mdogo sana, ndiyo maana mpwa wangu amelazimika kufunga pampu, ambayo nayo inataka umeme. Ukikatika katikati ya kazi, sahani zinakaa humo na povu lake, mlango umefungwa, watu wanatazamana.

Lakini lililonifanya nicheke ni orodha ya vitu inavyovikataa. Mwiko hautaki kuingizwa humo, utapasuka. Ungo usithubutu. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo sufuria ya kila nyumba huku, hutoka imefifia na kuwa nyeusi kwa ukali wa ile dawa. Kwa hiyo kile kilichotuumiza kweli, sufuria ya ugali yenye ukoko ndani na masizi nje, bado kinaoshwa uani kwa mkono, mtu kainama. Mashine imechukua sahani, glasi na vijiko, vitu ambavyo hata enzi zetu aliachiwa mtoto wa miaka sita.

Niitendee haki: mawese inayaweza. Nimeiona ikirudisha sahani nyeupe kabisa baada ya maharage ya Jumapili, jambo ambalo mama asingeliamini. Vikopo vya plastiki tu ndivyo vinavyobaki na rangi, na hivyo hata Mungu hajavipatia dawa.

Na kuna jambo jingine linalonifanya nisiibeze. Binti wa mpwa wangu yuko kidato cha pili. Saa mbili usiku yuko mezani na daftari la hesabu. Saa hiyo sisi tulikuwa tukipapasa vyombo kwa mwanga wa koroboi, na aliyeshindwa hesabu kesho yake darasani alichapwa bila kuulizwa jana usiku alikuwa wapi. Wangapi tuliishia la saba kwa ajili ya karai? Simlaumu mama, naye alilirithi. Binti huyu hajui wimbo hata mmoja wa mtoni, wala hajui shoga yake wa jirani anaitwa nani kwao. Anajua kukokotoa mzingo wa duara.

Ila ukiingia nyumba nyingi za hapa mjini utakuta mashine ya kuoshea vyombo ilikuwepo zamani, ina jina na ina kwao. Ni binti aliyetoka kijijini, Buhigwe au Kakonko, akalala chumba cha nyuma. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilimwekea anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi, na wapo wasioipata hata hiyo. Mashine yenyewe inazidi milioni moja, yaani zaidi ya mshahara huo wa mwaka na miezi kadhaa. Kwa mpwa wangu vyote viwili vipo. Nilimuuliza dada wa kazi kama sasa anapumzika jioni. Akacheka, akasema, “Mama, nimeongezewa kufua.”

Kwa hiyo jibu langu liko hivi. Mwenye maji ya bomba yasiyokatika, pampu, umeme wa kutosha na wageni wa kila wiki, anunue, na asione aibu mbele ya wazee. Wengine wetu, fedha hiyo ijenge kwanza karo la saruji la kimo cha kiuno lenye bomba juu yake, maana kilichotumaliza mgongo ni kuinama. Kichanja kirudishwe hapo kando, jua la Kasulu bado halina bili. Na wavulana waitwe kutoka mpirani waje washike dodoki. Hilo halikuhitaji kusubiri gridi.