Soja Ndani ya Suti

Nina maoni mengi ambayo hakuna aliyeyaomba. La kwanza nitalisema bila kupepesa macho: Papa Shirandula ndicho kipindi bora kuliko vyote vilivyowahi kuonyeshwa kwenye runinga ya Kenya. Wapo watakaonitajia Vitimbi, nami heshima ya Mzee Ojwang nitaitoa nikiwa nimesimama. Wapo wa Netflix pia. Hao wasubiri zamu yao.

Kwa aliyezaliwa juzi, kisa chenyewe ni hiki. Charles Bukeko aliigiza soja wa kampuni moja jijini Nairobi. Asubuhi alitoka nyumbani amevaa suti, maana mkewe, Wilbroda, alijua mumewe ni mtu wa ofisi. Akifika kazini anavua koti, anavaa sare, anashika lango. Miaka nenda miaka rudi Citizen TV ilituchekesha kwa siri hiyo moja.

Kwetu kicheko kilikuwa na adabu zake, kwa sababu baba mdogo alifanya kazi benki. Kijijini kila mtu alijua hivyo: yuko Nairobi, yuko benki. Hakuwahi kumdanganya mtu. Aliulizwa anafanya kazi wapi, akajibu. Hakuna aliyemuuliza yuko upande gani wa mlango.

Alipokuja nyumbani Desemba na kipindi kikaanza, sote tulikodolea runinga macho kama watu wanaosoma mtihani. Yeye alitazama mpaka mwisho. Hakukasirika, ila alikuwa na makosa ya kusahihisha. "Soja gani huyu? Anaacha kitabu cha wageni wazi, mtu yeyote asome nani ameingia." Mama akamwongezea chai haraka.

Maoni yangu ya pili yanatoka hapo. Tulidhani tunamcheka mtu mwongo, lakini uongo wa Shirandula haukuwa wake peke yake. Alijua ukoo utampima kwa kola ya shati, akavaa kola. Waandishi wa kipindi hawakutuhubiria. Walimpa tu koti na sare, wakamwacha akimbie kati ya viwili hivyo, nasi tukaona anavyotoka jasho.

Mwishoni mwa 2023, mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi ilitangaza kwamba soja wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Nilikuwa ndani ya matatu habari hiyo iliposomwa redioni. Abiria mmoja akauliza, "Elfu thelathini, kwa kufungua geti tu?" Watu wakacheka. Nilikitambua kicheko hicho. Nilikikuta kwanza sebuleni kwetu, ila sebuleni hakukuwa na mshahara wa mtu mezani.

Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, Korona ikiwa imetufungia ndani. Alikuwa na miaka 58. Siku hiyo simu zilijaa picha zake, na kati ya hizo ikaingia moja kutoka kwa baba mdogo, mtu ambaye hatumi picha hata za harusi. Haikuwa ya Papa. Ilikuwa yake mwenyewe, amesimama mbele ya mlango wa vioo, sare imepigwa pasi, rungu kiunoni. Hakuandika neno. Ilikuwa mara ya kwanza yeyote wa nyumbani kumwona kazini. Nilimjibu, "Umependeza, baba." Akajibu, "Asante," na mambo yakaishia hapo, kama yanavyoishia kwa wanaume wa kwetu.

Baadaye, mwaka 2022, Jalang'o, aliyewahi kuigiza kwenye kipindi hicho, alichaguliwa mbunge wa Lang'ata. Maoni ya tatu, nayo ni mepesi: ni Kenya pekee ambapo kipindi cha mtu anayeficha sare chini ya suti kinatoa mheshimiwa mwenye suti halali.

Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, baba mdogo alikuwa amehamishiwa jengo jingine katikati ya jiji. Amri ilikuwa kufunga geti na kutofungulia mtu. Gesi ya machozi ilipotanda, wasichana wawili na mvulana mmoja wakakimbilia kwake. Akafungua, wakaingia, akafunga. Aliwapa maji ya chupa yake wanawe uso. Kesho yake meneja akataka kujua nani aliyeruhusu.

"Nikamwambia, mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo," alinisimulia. Walimkata siku tatu za mshahara. Nilipomuuliza kama aliogopa, alisema alichoogopa ni kwamba hakupata nafasi ya kuwaandika majina kitabuni.

Kwa hiyo maoni ya mwisho, na haya nawaomba watayarishaji wa runinga wayasikie. Mkiamua siku moja kukirudisha kipindi hicho na mwigizaji mwingine, sidai mengi. Nataka sehemu moja ambayo Wilbroda anatokea langoni bila taarifa. Soja asikimbilie koti. Amsalimie mkewe vizuri, amfungulie kitabu cha wageni, ampe kalamu, kisha akifunge.