Uyoga wa Kichuguu na Uyoga wa Uwanjani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, anayeteremsha maji kutoka mbinguni na kuihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Miongoni mwa vinavyoitikia mvua ya masika upesi kabisa ni uyoga. Jioni uwanja huwa mtupu. Alfajiri, watu wanapotoka msikitini, huzikuta kofia nyeupe zimesimama nyasini, hali hakuna aliyepanda wala aliyemwagilia. Kwa miaka kadhaa tumekuwa na ada ya kutembea asubuhi za msimu huu, daftari mkononi, katika viwanja vya mtaa na, tupatapo nafasi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Hatuendi kuchuma, kwani msitu ule ni hifadhi. Twaenda kutazama, na kujifunza kukiita kila kitu kwa jina lake.

Na jina si jambo dogo. Baba yetu Adam (A.S.) alitukuzwa kwa kufundishwa majina. Katika uyoga, jina ndilo linalotenga chakula na sumu. Lugha yetu imeukusanya wote chini ya neno moja, ilhali aina zake ni maelfu. Upo unaokula magogo yaliyooza, na lau si huo msitu ungezama katika matawi yake wenyewe. Upo unaoshikana na mizizi ya miti hai, kama mirihi ya Arabuko-Sokoke: uyoga huuletea mti maji na madini ya udongoni, nao mti huulipa kwa sukari ulioitengeneza juani. Na upo unaolimwa na wadudu.

Huo wa mwisho ndio uyoga wa kichuguu, ambao bibi zetu wameujua tangu zamani. Wataalamu huuita Termitomyces. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, wakavitafuna, wakavijenga chini ya ardhi mithili ya sega la nyuki. Juu ya sega hilo huota uyoga, na mchwa hujilisha humo. Wafasiri wamesema kuwa mdudu aliyeila fimbo ya Nabii Sulayman (A.S.) ni mchwa, basi huyu tunayemlaumu kwa kuharibu milango yetu ni mkulima stadi. Mvua ikishiba ardhini, uyoga hupenya kutoka shambani mwao hadi juu. Aina zake nyingi zina alama zinazojulikana: katikati ya kofia pana ncha iliyopasulia udongo, shina halikomi ardhini bali huendelea kama mzizi mrefu hadi kwenye makao ya mchwa, na vumbi linalodondoka chini ya kofia ni la waridi hafifu.

Msimu mmoja, mama wa mtaa wetu alitujia na sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. "Sabalkheri, Maalim," alisema. "Mwanangu ameuchuma huu uwanja wa mpira. Mavyaa asema kwao wakiula tangu utotoni. Nataka kujua, ni halali?"

Tulimjibu kuwa Qur'ani imetuamuru kula kilicho halali na kilicho kizuri, na sifa hizo mbili zimetajwa pamoja. Vinavyoota ardhini asili yake ni halali, lakini chenye kudhuru hakina ruhusa. Kwa hiyo kabla ya swali la fikihi palikuwa na swali jingine: huu ni uyoga gani?

Ulikuwa wa kutamanisha. Kofia zake zilikuwa pana kama sahani, nyeupe, zenye magamba ya kahawia. Shinani palikuwa na pete inayosogea juu na chini kama pete ya kidole. Tuliugeuza. Vipapi vya chini ya kofia, vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, vilikuwa vyeupe katika uyoga mchanga, na katika ule uliokomaa vilikwisha kuingia rangi ya kijivu chenye ukijani. Tulitafuta mzizi mrefu, hatukuuona. Shina liliishia kwa kinundu. Tukamwomba asubiri usiku mmoja. Tuliikata kofia iliyokomaa, tukailaza juu ya karatasi nyeupe, vipapi vikiangalia chini, tukaifunika kwa bakuli. Asubuhi tulipoiinua, karatasi ilikuwa na mistari ya vumbi la kijani kama hina mbichi.

Vumbi hilo ni spora, ambazo kwa uyoga ni kama mbegu. Vumbi la kijani ni nadra mno, na kwa alama zile zote pamoja huo ulikuwa Chlorophyllum molybdites, unaoota nyasini katika nchi nyingi za joto. Mwenye kuula hushikwa na kutapika na kuharisha kwa nguvu, mara nyingi baada ya saa 1 hadi 3, na kwa mtoto mdogo kupungukiwa na maji ni hatari ya maisha.

Mavyaa mwenyewe aliletwa barazani. Macho yake yamefanya ukungu, na uyoga wenyewe hakuwa ameuona; alilisikia neno "uyoga" akakumbuka wa kwao. Tulimtilia mmoja mkononi. Aliipapasa kofia, akashuka kwa vidole hadi mwisho wa shina, kisha akauliza, "Mzizi uko wapi?" Alipoambiwa haupo, alisema, "Basi huu si wetu. Mwageni." Elimu ya bibi yule ilikuwa sahihi. Walioipokea ndio walioichukua nusu.

Wanazuoni wa hadithi hawakuikubali riwaya kwa kuwa tu maneno yake yapendeza. Walimchunguza kila mpokezi, wakazilinganisha njia zote. Uyoga nao wahitaji mashahidi wengi: mahali ulipoota, umbo la kofia, vipapi, pete, mwisho wa shina, na rangi ya vumbi. Shahidi mmoja akipingana na wenzake, hukumu husimama na sufuria haipandi jikoni. Na riwaya zisizo na asili zimejaa. Yasemwa kuwa kijiko cha fedha kitageuka cheusi kikigusa sumu, si kweli. Yasemwa kuwa kilicholiwa na konokono chafaa kwa mtu. Konokono hula uyoga unaoua watu. Yasemwa kuwa kuchemsha huondoa kila sumu. Zipo sumu zisizoshindwa na moto, na nyingine hazimuumizi mtu mpaka zipite saa 6 au zaidi, hali zimekwisha kulifikia ini.

Wako pia wanaotoa hoja kwa hadithi aliyoipokea Said bin Zayd (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba kam'a ni katika manna na maji yake ni tiba ya jicho. Neno hilo likifasiriwa "uyoga" pasi na maelezo, msikilizaji hudhani kila uyoga una baraka hiyo. Kam'a hukaa chini ya mchanga wa jangwa, mviringo kama kiazi, haina kofia wala shina. Ndugu zetu walioko Ghuba huiona sokoni msimu wake ukifika. Hadithi ni sahihi. Kosa ni kuipa anwani isiyo yake.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, wafundisheni watoto kutazama uyoga pasi na kuula. Wawekeeni karatasi na bakuli, wauone mchoro wa vumbi. Ni darsa nzuri ya tafakuri. Na mtoto akiutia kinywani, mkimbizeni hospitali pamoja na mabaki ya uyoga katika bahasha ya karatasi, msingoje dalili. Asiyekuwa na yakini, asipike.

Na bibi zenu wangali hai, kaeni nao. Waulizeni uliota wapi, msimu gani, shina liliishiaje. Chukueni elimu yao nzima, kwa alama zake zote, kabla haijazikwa nao. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na azilinde nyumba zetu na kila chenye madhara. Amin.