Chini ya Majani Mabichi: Safari ya Mashambani Ayalandi

Ukiitazama Ayalandi kutoka dirishani mwa ndege, huoni ila kijani. Kijani cha malisho, kijani cha vichaka, kijani cha vilima, kimekatwa vipande vipande na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Mvua ya huko haishuki kwa kishindo kama masika yetu. Hunyunyiza, ikatulia, ikarudi, na ardhi haipati nafasi ya kukauka.

Wasomaji wapenzi, mimi sikwenda huko kutalii. Nilikwenda mwezi wa Juni kumzuru binti yangu, muuguzi katika jiji la Dublin, ambaye mwaka huu ni wa saba tangu aondoke Mombasa. Nilikuwa na neno moja moyoni: kumwambia arudi nyumbani. Naye, kwa kuwa anamjua mamake, alichukua likizo ya siku sita, akanitia garini, akasema, "Mama, kwanza uione nchi, kisha tutazungumza."

Siku ya kwanza tulielekea kaskazini hadi bonde la mto Boyne, mahali paitwapo Newgrange. Hapo pana kilima cha duara kilichojengwa kwa mikono ya watu, upana wake mita 85 hivi, kikazungushiwa mawe makubwa 97. Kilijengwa yapata mwaka 3200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, kwa hiyo ni kikongwe kuliko piramidi za Giza. Jiwe lililolala mbele ya mlango limechongwa mizunguko kama makombe ya konokono. Juu ya mlango pana tundu, na tundu hilo ndilo siri ya jengo zima. Siku chache za Desemba, mchana unapokuwa mfupi kuliko siku zote za mwaka, jua linapochomoza mwangaza wake hupita tunduni, ukatambaa katika ujia wa mita 19 hadi chumba cha ndani, ukakaa kama dakika 17, kisha ukaondoka. Wenyeji walikuwa wakilisimulia jambo hilo, na mwaka 1967 Profesa Michael J. O'Kelly aliingia humo alfajiri akalishuhudia kwa macho yake.

Tuliingia kwa kuinama, mabega yakigusa mawe. Kiongozi wetu alizima taa, giza likawa giza la kaburi, kisha akawasha taa ndogo iliyowekwa kuuigiza mwale wa jua. Mstari mwembamba ulitambaa sakafuni hadi miguuni petu. Ndani ya chumba kile yalipatikana mabaki ya mifupa ya watu iliyochomwa. Niliuliza majina yao. Kiongozi alitabasamu tu. Kazi kubwa kiasi kile, na waliojenga hawana jina, wala waliozikwa hawana jina.

Kutoka hapo si mbali hadi Drogheda, mji wa bandari kwenye mto uo huo. Binti yangu alikuwa na sababu ya kunipeleka. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya mbatata, na mbatata ndiyo iliyokuwa chakula cha maskini, asubuhi na jioni. Mizizi iliozea ardhini mwaka baada ya mwaka. Hadi ilipofika 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja wamekimbilia ng'ambo. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza wakati huo, na huku watu wakifa, nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza.

Katika mwaka mbaya wa 1847, Sultani Abdulmejid wa dola ya Uthmaniya alipeleka pauni 1,000 kuwasaidia wenye njaa. Barua ya shukrani iliyotiwa saini na wakuu wa Ayalandi ingali inahifadhiwa Uturuki. Watu wa Drogheda husimulia zaidi: kwamba Sultani alituma pia majahazi ya chakula, yakatia nanga katika mto wao. Wanahistoria hawakubaliani juu ya majahazi hayo, lakini zile pauni hazina ubishi. Mwaka 1995 kibao cha shukrani kilitundikwa katika ukuta wa jengo moja mjini. Nilisimama mbele yake, magari yakinipita nyuma, nikawaza juu ya kilima nilichotoka kukiona. Mawe yale makubwa hayakuhifadhi jina la hata mtu mmoja. Sadaka iliyotolewa na mtu asiyewahi kukanyaga nchi hii bado inatajwa na watoto wa waliopewa.

Siku ya tatu, Ijumaa, tuliikata nchi kutoka mashariki hadi magharibi. Kando ya barabara niliona watu wakikata udongo mweusi, ambao ni majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka. Huukata mfano wa matofali, wakaukausha, wakautia motoni kama sisi tutiavyo makaa. Moshi wake una harufu tamu, nami nikamwambia binti yangu kwamba nchi hii nzima imefukizwa udi wa maskini.

Swala ya Ijumaa tuliiwahi Ballyhaunis, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Mayo. Sikutarajia kukuta msikiti huko, na kumbe ni katika misikiti ya kwanza kujengwa Ayalandi. Ulijengwa mwaka 1987 na mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na kiwanda cha nyama ya halali, kwa ajili ya wafanyakazi wake. Upande wa wanawake nilikaa baina ya mama wa Kipakistani na msichana wa Kisyria. Hatukuwa na lugha ya pamoja ila salamu, nayo ilitutosha.

Kesho yake tulipita bonde la Doolough, jina ambalo maana yake ni ziwa jeusi. Sijaona mahali pazuri kama pale. Milima miwili inainamiana, ziwa limelala katikati, kondoo wamepanda juu hadi kuonekana kama punje za mchele. Hapana nyumba, hapana kelele. Kando ya barabara limesimama jiwe la ukumbusho. Mwezi Machi mwaka 1849, mamia ya watu wenye njaa wa mji wa Louisburgh waliambiwa waende mbele ya wakaguzi kwenye nyumba moja upande wa pili wa bonde, mwendo wa kilomita 19 hivi, wakitaka kubaki katika orodha ya wanaopewa chakula. Walitembea katika baridi na mvua, wengi bila viatu. Walipofika, wakarudishwa mikono mitupu. Wengine walianguka njiani wakirudi, hapo hapo tulipokuwa tumesimama, wakafa. Kila mwaka watu huitembea njia ile kwa kuwakumbuka.

Binti yangu alitoa chupa ya chai na mikate tuliyoibeba. Tuliitazama, kisha tukairudisha kikapuni, tukala baadaye, tulipokwisha kulipita bonde.

Mwisho wa safari ulikuwa kisiwa cha Achill, ambacho kimeungana na bara kwa daraja. Chini ya mlima Slievemore, wenye kimo cha mita 671, umelala mtaa mzima usio na mtu. Ni magofu ya nyumba 80 hadi 100 za mawe, zimejipanga pamoja kando ya njia ya zamani, kila moja na mlango wake, hakuna hata moja yenye paa. Kwetu tumezoea magofu ya Gede, lakini Gede ina misikiti na kasri. Hapa ni vyumba vya maskini tu, kimoja kimoja, mtu na ng'ombe wake chini ya paa moja. Waliondoka kwa sababu zaidi ya moja: njaa, kodi ya ardhi, wengine kuhamia ufukweni kutafuta samaki, wengine kuvuka bahari. Baadaye wachungaji waliendelea kuzitumia nyumba hizo wakati wa kiangazi, kisha nao wakaacha.

Jua la Juni huko halina haraka. Magharibi iliingia baada ya saa nne usiku, na mwanga wake ulipolala juu ya mlima nikaona jambo ambalo mchana sikuliona. Chini ya majani ulionekana mistari, mingi, imenyooka, kutoka nyumba hadi nyumba. "Ni matuta ya mbatata, Mama," binti yangu aliniambia. "Waliyalima kabla ya kuondoka." Miaka imepita zaidi ya mia moja, na ardhi haijayasahau matuta yale.

Tulikaa juu ya ukuta. Akanieleza desturi ya siku zile. Kijana alipokuwa anasafiri kwenda Marekani, jirani walikusanyika kwao usiku wa mwisho wakakesha, kama wanavyokesha na maiti. Waliita matanga ya Marekani. Mama alimlilia mwanawe aliye hai, kwa kuwa alijua hatamwona tena. Kisha, miezi ikipita, barua zilianza kuja na fedha ndani yake, na kwa fedha hizo wadogo walikula, kodi ikalipwa. Hata hivyo walizidi kuondoka. Mwaka 1841 kisiwa kilihesabiwa watu zaidi ya milioni nane, na mpaka leo hakijaifikia tena hesabu ile.

Nilitaka kulisema neno langu pale. Lilikuwa limefika ulimini. Lakini mbele yangu zilikuwa nyumba zisizo na paa, na nikakumbuka bati la nyumba yangu ya Mombasa, ambalo mvua za mwaka juzi hazikupata pa kupenya. Bati hilo lilinunuliwa na usingizi wa mtoto huyu, kwa zamu zake za usiku katika wodi za watu wasiomjua. Nilinyamaza. Yeye ndiye aliyeanza. "Mama, najua ulilojia." Nikamjibu, "Ukijua, basi huna haja ya kuambiwa. Ila usinifanyie kama barua tu." Akaniegemea begani, kama alivyokuwa akifanya udogoni, na hatukusema tena mpaka baridi ilipotuinua.

Atakayejaaliwa kufika huko na ajue mambo machache. Viza ya Ayalandi hutolewa peke yake. Ile ya Schengen haikuingizi. Chukua koti la mvua hata jua likiwaka, na chupa ya maji ya udhu, kwa kuwa mashambani misikiti ni michache. Nyumba yenye jiko ni bora kwa familia kuliko hoteli, kwani mtapika wenyewe mnachokijua. Na unapopita mahali pazuri mno palipo kimya mno, simama uulize palitokea nini.

Siku ya kuondoka, aliyekuwa akisafiri ni mimi na aliyebaki ni yeye. Hatukukesha, wala hatukulia sana. Alinifunga mtandio vizuri shingoni, akanipa mfuko wa zawadi za wadogo zake, akasimama mpaka niliposhindwa kumwona. Ndege ilipopaa nilitazama chini, na sasa sikuona kijani peke yake.