Mama Noah na kesi ya masaa matatu

Shangazi yangu hamwiti Olivia Benson kwa jina. Anamwita Mama Noah, kwa sababu ana mtoto anaitwa Noah, na kwetu Mbagala mwanamke mwenye mtoto humwiti jina lake kama vile mlikaa naye dawati moja. Elliot Stabler ni Baba Maureen, kwa jina la binti yake mkubwa. Kiingereza cha Shangazi ni cha kuokoteza, lakini kaa naye mbele ya sizoni hii uone. Anajua nani ana cheo gani, nani ana kinyongo na nani, na mpelelezi gani anadanganya kabla mwenzake hajashtuka.

Kwa ambao hamjawahi kuifuata niseme kwa kifupi. (Huku kwetu "sizoni" ndiyo tamthilia yenyewe, kwa hiyo mnivumilie nikisema msimu wa sizoni.) Law & Order: Special Victims Unit ilianza kurushwa na NBC mwaka 1999. Inahusu kikosi cha polisi wa New York kinachoshughulikia ubakaji na ukatili kwa watoto. Benson, anayeigizwa na Mariska Hargitay, na Stabler, anayeigizwa na Christopher Meloni, walifanya kazi bega kwa bega hadi 2011, Meloni alipoondoka baada ya mazungumzo ya mkataba kukwama. Aprili 2021 akarudi na sizoni yake mwenyewe, Organized Crime, na katika kurudi huko huko mkewe akafa kwa bomu lililotegwa kwenye gari. "Mama Maureen kawapisha," alisema Shangazi. Nikamwambia hayo maneno ni ya kikatili. Baadaye nikaja kusikia mashabiki kibao wakisema jambo lile lile, ila wao walitanguliza rambirambi.

Sizoni mama, Law & Order yenyewe, ni ya mwaka 1990. Ilifutwa 2010 ikafufuliwa Februari 2022. Kwa hiyo ilipofika Septemba ya mwaka huo NBC ilikuwa na sizoni tatu za ukoo mmoja usiku wa Alhamisi, na tarehe 22 wakazifungulia msimu kwa pamoja: hadithi moja, "Gimme Shelter", masaa matatu mfululizo. Saa mbili usiku Organized Crime msimu wa 3, kisha SVU msimu wa 24, kisha Law & Order msimu wa 22. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hizo tatu kukutana katika kesi moja.

Sasa, Shangazi hana habari za NBC. Sizoni zake zinatoka kwa kijana mwenye kibanda cha muvi karibu na kituo cha daladala, anayekuwekea kwenye flashi. Aliomba kile anachoomba kila mwaka, SVU mpya, na kijana akamwekea SVU mpya, msimu wa 24, kipande cha kwanza. Tatizo ni kwamba kipande hicho cha kwanza ni sehemu ya pili ya hadithi. Sehemu ya kwanza imekaa kwenye Organized Crime, ya tatu kwenye Law & Order.

Akanipigia simu usiku. "Hivi hawa wameanzia wapi? Mama Noah anaongea na watu kana kwamba anamalizia maneno ya jana."

Nilicheka, lakini alikuwa amegusa lawama ya kwanza na ya haki kuliko zote. Mtu wa Ohio aliyezoea kuwasha runinga kwa ajili ya SVU tu, yamemkuta hayo hayo: ameingia kwenye kesi katikati, na ikabidi ahamie sizoni asiyoifuata ili aone mwisho. Wenye biashara wanaita hiyo kuunganisha familia. Ni kama kwenda msibani kwa jirani ukaambiwa maiti imepelekwa mtaa wa pili, tufuatane. Kuna watazamaji walioipenda safari hiyo, na kuna waliokaa muda wote wakiulizana huyu jamaa ni nani na kwa nini nimjali. Jalen Shaw, mpelelezi mpya aliyeletwa na Mehcad Brooks, alitambulishwa usiku huo huo, katikati ya msongamano. Nilimwonea huruma. Mgeni haletwi siku ya shughuli.

Ila kelele kubwa zilikuwa mbili, na zote zilihusu mapenzi kwa namna yake.

Kelele ya kwanza ni ya wanaosubiri Benson na Stabler waambiane. Wamesubiri tangu 1999, wengine tangu kabla hawajaanza kidato cha kwanza. Wakaambiwa masaa matatu, wawili hao pamoja, wakajipanga kama watu wanaosubiri mahari ipokelewe. Walichopata ni kazi: maiti, mtuhumiwa, korido, gari, mtuhumiwa mwingine. Siwalaumu kwa kuudhika, maana matangazo ya biashara hii yanaishi kwa ahadi hiyo. Ilibidi wangoje mpaka Januari 2023 kuona wawili hao wakikaribiana jikoni, midomo inataka kukutana, halafu Benson akarudi nyuma. Shangazi aliunga mkono kurudi nyuma. "Sisi tunakaa eda," alisema, "yeye amekaa nini?"

Kelele ya pili ilimhusu Amanda Rollins. Mwishoni mwa Agosti, wiki chache kabla, ilishatangazwa kwamba Kelli Giddish ataondoka ndani ya msimu huo baada ya miaka zaidi ya kumi, na mashabiki walikuwa na hasira bado mbichi. Halafu katika sehemu ya pili ya hadithi Rollins anapigwa risasi. Tulikulia kwenye vibanda vya video tukiambiwa stelingi hafi, lakini kanuni hiyo haimlindi mwigizaji ambaye mkataba wake unaisha. Watu walitazama wakiwa na habari ambayo Rollins mwenyewe hana, kwamba anaondoka, na hawakujua kama ataondoka kwa miguu yake. Kwangu hapo ndipo penye umahiri wa usiku ule, hata kama ulitokana na tangazo la kazini na si na kalamu ya mwandishi. Rollins hakufa. Aliondoka Desemba, ameolewa na Carisi, na Shangazi alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

Nimesoma, nimesikiliza, nimebishana na wenzangu kazini kuhusu usiku ule, na kitu kimoja kilinikaa. Kesi yenyewe inaanza na msichana mdogo aliyepigwa risasi hadharani, ambaye hakuna anayemjua. Wapelelezi wa Law & Order wanahangaika kumtambua, wanagundua kifo chake ni uzi mmoja wa mtandao mkubwa wa uhalifu unaovuka mipaka, ndipo wanawaita Stabler na Benson. Bila huyo binti hakuna masaa matatu. Lakini waulize watazamaji walikumbuka nini, watakwambia Rollins na tumbo lake, Stabler na macho yake. Binti ni mlango tu wa kuingilia.

Shangazi ndiye peke yake niliyemsikia akiuliza habari zake. Na yeye alikuwa hajamwona, maana flashi yake ilianzia katikati. "Huyo mtoto wanayemsema ni wa nani? Wameshampata jina?"

Ana sababu ya kuuliza. Mwaka 2009, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kulikuwa na binti wa kazi. Wote tulimwita Dada, kama wanavyoitwa mabinti wa kazi wote wa mji huu, na pengine miaka yake haikufika kumi na tano. Usiku mmoja Shangazi alisikia kelele, akavuka uzio kwa kubomoa makuti, akamkuta amemwagiwa mafuta ya moto mkononi na kifuani. Shangazi ndiye aliyempeleka hospitali, na ndiye aliyeandikwa shahidi. Mpaka siku mashitaka yaliposomwa alikuwa hajui Dada anaitwa nani. Jina lake kamili alilisikia kwa mara ya kwanza likitoka kwa karani wa mahakama, na hadi leo akilitaja analitaja lote, na la baba na la babu, kama anasoma.

Alikwenda mahakamani mara tano kwa nauli yake. Mara ya kwanza upelelezi haujakamilika. Mara ya pili hakimu ana udhuru. Nyingine sikumbuki, ila kila mara alirudi amevaa lile gauni lake la harusini, kachoka, anavua viatu mlangoni. Kisha hakuitwa tena. Ndugu wa binti walikuja wakamchukua kurudi kijijini, mwenye nyumba akahama, na Shangazi akabaki na karatasi ya wito kwenye pochi. Nilipoanza kuandika habari za mahakama, kazi ya kwanza aliyonipa si ya mhariri, ilikuwa hiyo: nitafutie iliishaje. Niliitafuta. Iliondolewa kwa sababu mlalamikaji hakutokea. Nilimwambia. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo mimi naelewa kwa nini mtu kama yeye anazipenda sizoni hizi, na si kwa sababu anaziamini. Anajua ni maigizo. Anajua New York halisi ina mafaili yake ya vumbi. Umbo lake ndilo linalompumzisha: mtu kafanyiwa kitu, kuna anayeandika, kuna anayeuliza, kuna anayesimama mbele ya hakimu, na hakuna anayesema njoo tarehe nyingine. Law & Order ya zamani ilijengwa hivyo kabisa, nusu ya polisi na nusu ya waendesha mashitaka. SVU ililegeza, ikakaa zaidi na aliyeumizwa. Organized Crime ikaacha, inaburuza adui mmoja wiki baada ya wiki. "Gimme Shelter", pamoja na msongamano wake wote, ilizipanga tatu hizo kwa mfuatano wenye maana: msako kwanza, walioumizwa katikati, mahakama mwisho. Wenzangu wanaosema sehemu ya tatu ilipoa, nawaelewa. Baada ya risasi, mabishano ya kisheria yanaonekana chai ya baridi. Mimi niliipenda kuliko nyingine zote, labda ni ugonjwa wa kazi.

Nilimpelekea hizo sehemu mbili zilizokosekana Jumapili iliyofuata. Tulianza upya kutoka mwanzo, yeye, mimi na mdogo wangu ambaye alikuwa anasoma sheria. Sehemu ya tatu ndiyo iliyotugombanisha. Nolan Price na Samantha Maroun wanafika mahali pa kuchagua: wamkomalie mhalifu mmoja, au wamtumie kuangusha genge zima. Mdogo wangu akasimama kabisa kutetea genge zima. Akatoa na mfano wa hapa nyumbani, kwamba tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019 mwendesha mashitaka wa Tanzania naye anaweza kukaa na mshitakiwa wakakubaliana akiri kosa, na kesi zilizokuwa zimelala miaka zikaisha. Ni kweli, nimekaa kwenye vyumba hivyo nikaandika. Nimeona pia sura za waliokuja kusikiliza hukumu wakakuta yameshaafikiwa upande wa pili wa mlango.

"Wewe," Shangazi akamwambia, "hilo genge limekumwagia nini? Aliyempiga mtoto risasi yuko hapo, amekaa kwenye kiti. Hayo mengine watayafuata kesho."

"Lakini Shangazi, wakimwachia nafuu huyu mmoja wanaokoa wasichana mia."

"Hao mia nao wana mmoja mmoja."

Mdogo wangu akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilijifanya natafuta rimoti. Walichoamua Price na Maroun sitakisema, wapo ambao hawajaifikia. Nitasema tu kwamba kwa dakika zile hakuna aliyemtaja Baba Maureen, wala aliyeuliza kama Rollins ametoka hospitali.

Yule kijana wa kibanda amejifunza. Shangazi alimrudia na flashi mkononi akamsomea somo refu mbele ya wateja, kwamba huwezi kumuuzia mtu mzima kesi iliyokatwa kichwa na miguu. Siku hizi ukiomba SVU ya 24 anakuwekea na vile vipande viwili vya majirani, kwenye folda moja, ameiandika kwa herufi kubwa: KESI NZIMA. Anatoza na hela ya ziada, bana, biashara ni biashara.