Jina la Kariakoo

Miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba Sultani Majid ndiye aliyeanza kuujenga mji huu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na kwamba Wajerumani waliufanya makao makuu mwaka 1891. Mwanafunzi mmoja akaniuliza maana ya Kariakoo. Nikamjibu, "Ni soko," nikaendelea na somo.

Baadaye nilisoma kuwa jina latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Babu yangu alichukuliwa upagazi katika vita ile, asirudi. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 imeshika bunduki. Mpagazi ametajwa kwa maandishi tu. Kumbe jina lao tunalitamka kila siku, na mimi mwalimu nilimnyima mtoto yule jibu.