Ruhuwiko na somo la Litowa

Anayekuja Songea kwa ndege hushukia Ruhuwiko, kisha hukimbilia mjini kuona Makumbusho ya Maji Maji. Lakini Songea ina kumbukumbu nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa. Kikazaa Chama cha Maendeleo Ruvuma, kilichofikia vijiji kama 17. Familia zililima pamoja, na mambo ya shamba, shule na mapato wanachama waliyajadili na kuyaamua wenyewe vikaoni. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Hata hivyo, Septemba 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Waliozoea kuamua wakawa watu wa kuamuliwa.

Ndugu msomaji, haki ile leo iko mlangoni petu. Ruhuwiko ni kata ya manispaa, na mkazi wa mtaa mwenye miaka 18 anaruhusiwa kuingia mkutano wa mtaa na kuhoji mapato na matumizi. Usipokwenda, maji na njia ya watoto wako vitaamuliwa na waliokwenda. Baba na mama, msitegeane. Nendeni wote, na jioni wasimulieni watoto kilichoamuliwa.