Kipimo na Mpimaji

Neno la mtu ni mali yake, bali kipimo ni mali ya wote. Watu wawili waweza kubishana juu ya urefu wa kamba tangu adhuhuri mpaka machweo. Lakini wakiinyosha wakaipima, ubishi huisha, na kila mmoja hurudi kwake na kweli ile ile. Katika insha hii nataka kusema nawe, msomaji kijana, juu ya kupima kitu ambacho jicho halikioni wala mkono haukishiki, nacho ni mawimbi ya redio. Utaona kwamba hata kitu kilichofichika namna hii hukubali kupimwa, na kwamba atakaye kukipima hana budi kukijaribu kwanza chombo chake mwenyewe.

Watu wa pwani si wageni wa kazi hii. Pima ni tendo, na pima ni urefu pia: urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyoshwa, toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Nahodha aliyekaribia ufuko asioujua alitia bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba, akahesabu pima za kina kabla ya kuamini rangi ya maji. Wazee wetu wakasema: usisafirie nyota ya mwenzio. Mithali hii hutajwa sana katika mambo ya bahati, lakini mimi huona ina mafunzo kwa mpimaji vilevile: habari uliyopewa na mwingine, hata akiwa mwema, ni nyota yake, yako ni ile uliyoitazama mwenyewe.

Mawimbi ya redio yenyewe yalianza kuwa habari kabla ya kuwa kweli iliyojaribiwa. Mwaka wa 1865 James Clerk Maxwell, mtaalamu wa Scotland, alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba umeme na sumaku vyaweza kusafiri pamoja kama wimbi, kwa mwendo wa nuru. Hesabu zilikuwa nzuri, lakini hapakuwa na mtu aliyeyafanya mawimbi hayo kwa umeme akayapima. Zaidi ya miaka 20 ikapita. Ndipo Heinrich Hertz, mwalimu katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alipofanya cheche za umeme upande mmoja wa chumba, akashika upande wa pili pete ya waya yenye mwanya mwembamba. Katika giza aliona kicheche kidogo kikiruka mwanyani. Hakutosheka kwa kukiona. Aliisogeza pete hatua kwa hatua, akatafuta mahali kicheche kilipokufa na mahali kilipohuika, akapima umbali wa katikati. Na kwa umbali ule akaujua urefu wa wimbi. Kazi hiyo aliimaliza mwaka wa 1888. Leo masafa ya kila redio duniani huhesabiwa kwa jina lake: hezi moja ni mtikisiko mmoja kwa sekunde, na megahezi moja ni mitikisiko milioni.

Sasa nikutoe Karlsruhe nikulete Kuze, mtaa wetu wa Mji wa Kale, katika kisiwa cha Mombasa. Nyumba za kale za hapa zimesongamana, na kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mimi ni mwalimu. Na katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba jambo ambalo mwanafunzi amelitenda kwa mkono wake halimtoki upesi. Kwa hiyo nilipopata vibao viwili vidogo vya kujifunzia redio, vinavyosemezana kwa megahezi 868, niliwaita wanafunzi wachache siku ya mapumziko, nikawauliza: je, ukuta huu utapunguza nguvu ya wimbi kiasi gani? Wengine walisema nusu, wengine robo. Tukaweka kibao kimoja chumbani, tukasimama na cha pili uchochoroni, kwanza mlango ukiwa wazi mbele yetu, kisha ukuta ukiwa katikati. Tulipima mara 10 kila mahali, maana mtu akipita tu, hesabu hubadilika. Ukuta ulipunguza desibeli 20. Desibeli 10 ni kubakiwa na sehemu 1 katika 10. Desibeli 20 ni kubakiwa na sehemu 1 katika 100. Hapana aliyekisia hivyo, na kimya chao kilinifurahisha kuliko makofi.

Habari ya jaribio lile ilimfikia mjomba wangu, ambaye ni mvuvi. Alikuwa amefunga redio katika mashua yake, amepata na kibali chake, akanunua antena mpya. Sandukuni iliandikwa kwamba sauti hufika kilomita 50. Akaniambia, "Mwanangu, mimi huenda nje ya mwamba na vijana wanne. Karatasi ya sanduku haiogelei. Nipimie."

Nilikuwa na chombo cha kupimia antena, kidogo kama kiganja. Kazi yake ni kupeleka nguvu hafifu sana kwenye antena, na kuangalia kiasi kinachorudi. Antena isiyolingana na masafa yake ni kama ukuta wa bandari mbele ya wimbi la bahari: hulirudisha lilikotoka. Chombo kikionyesha 1, hakuna kinachorudi. Kikionyesha 2, hurudi sehemu 1 katika 9. Kikionyesha 6, hurudi zaidi kidogo ya nusu. Chaneli ya 16, ambayo mabaharia wa dunia nzima huitumia kwa wito na kwa dhiki, iko megahezi 156.8. Hapo chombo kilionyesha 6. Mahali antena ile ilipokubali vizuri palikuwa karibu na megahezi 140, ambapo mvuvi hana la kusema na mtu. Aidha redio nyingi zikihisi nguvu inarudi hujipunguzia nguvu ili zisiungue. Basi sauti ya mtu aliye hatarini ingetoka nyonge.

Kabla sijasema neno, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, na hicho chombo, nani amekipima?"

Msomaji wangu, likumbuke swali hili. Chombo cha namna ile hakipewi kazi ya hakimu mpaka kwanza kimeonyeshwa mambo matatu yanayojulikana: waya ulioachwa wazi, waya uliofungwa kwa chuma, na kipande chenye ukinzani wa omu 50. Tuliyafanya hayo mwanzo. Tukayafanya tena mbele ya muulizaji, tukapima upya, na 6 ikabaki 6. Lakini kipande cha omu 50 nacho hupimwa kwa kilicho bora kuliko hicho, na hicho kwa kingine, mpaka kufikia vipimo vya taifa, ambavyo hapa Kenya hutunzwa na Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka wa 1974. Masafa nayo hutegemea sekunde, na sekunde, tangu mwaka wa 1967, ni mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya sesiamu. Ndivyo kipimo cha Kuze kinavyoshikana na dunia nzima, pete kwa pete kama mnyororo.

Hata hivyo chombo ni shahidi mmoja, na bahari ni shahidi wa pili. Mjomba alikopa antena nyingine, ambayo kwa chombo chetu ilionyesha chini ya 2. Akatoka na mashua, akisoma hesabu redioni kila dakika 5, kwa chaneli ya mazungumzo, wala si kwa chaneli ya 16, kwani njia ya dhiki haichezewi. Mwanafunzi aliketi juu ya paa na redio ya kusikiliza tu, akiandika alichosikia. Hakuambiwa ni antena ipi iliyotumika kwanza, ili sikio lake lisipendelee. Daftari lake lilisema wazi: safari ya kwanza maneno yalikatika mashua ilipovuka mwamba, safari ya pili yalisikika mpaka mjomba alipogeuza. Hata antena hii njema isingefika kilomita 50 kutoka mashuani mpaka paa letu. Mawimbi ya masafa hayo huenda karibu na mstari ulionyoka, na dunia ni mviringo: antena yenye kimo cha mita 3 na paa lenye kimo cha mita 12 husikizana kwa kilomita 21 hivi. Sanduku lilitaja umbali, halikutaja kimo.

Mjomba alichukua daftari na karatasi ya vipimo kwa mwenye duka. Huyo alisoma, akauliza maswali mawili, akabadilisha antena. Hapakuwa na kelele wala kiapo. Hii ni faida ya kipimo ambayo haiandikwi katika vitabu vya fizikia: humpa mnyonge neno lisilohitaji ukali, na humpa mwenye kukosea njia ya kurekebisha bila fedheha.

Nawe ukitaka kuingia katika kazi hii, anza kwa kusikiliza, maana kurusha mawimbi kuna sheria, na ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kijaribu chombo chako kabla ya kukijaribia vitu vya watu. Kisia kwanza, kisha pima, tena pima zaidi ya mara moja. Andika ulichokiona papo hapo, hata kama si ulichokitamani, na uandike tarehe na mahali, ili atakayekuja nyuma yako aweze kukuhakikisha au kukusahihisha.